Kutengeneza kwizi ya Kiingereza mtandaoni, kwa simu na bando tulizonazo

Tangu walimu wenzangu wajue kwamba natunga kwizi za Kiingereza za kufanyia kwenye simu, haipiti wiki sijapigiwa. "Maalim, linki yako inafunguka, yangu watoto wanaambiwa hawana ruhusa, kwa nini?" "Maalim, mtoto kaandika jibu lile lile nililoliweka, kapewa sifuri." "Maalim, nalipia wapi?" Maswali ni hayo hayo, kutoka Micheweni hadi Makunduchi, na majibu yangu ya sauti kwenye WhatsApp yameshakuwa marefu kuliko khutba ya Ijumaa. Basi nimeyaweka hapa yote kwa pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe unayesomesha Kiingereza skuli, tuisheni, au darasa la jioni la vijana wa hoteli, na hujawahi kutengeneza kwizi hata moja. Nimechagua Google Forms, huduma ya Google ya kutengeneza fomu za maswali mtandaoni. Ni ya bure, inafunguka kwenye simu ya bei ndogo, na mwanafunzi hahitaji kupakua programu yoyote. Vipo vyengine. Kahoot! ya Norway inanogesha darasa kweli kweli, ila mchezo wake wa darasani unataka watu wote wawe hewani wakati mmoja na skrini kubwa mbele yao, na mimi projekta naiona siku ya wageni tu. Quizizz, ambayo siku hizi inaitwa Wayground, nayo nzuri. Kimoja kwanza, vyengine baadaye.

Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza, kama yanavyosomeka kwenye simu na kompyuta za wengi wetu.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Akaunti ya Google. Kama simu yako ni ya Android na unapakua vitu Play Store, tayari unayo. Mimi nilifungua ya pili kwa ajili ya kazi, ili majibu ya wanafunzi yasichanganyike na picha za harusi.
- Kompyuta ya kutungia, ikipatikana. Simu inatosha, lakini Google Forms haina programu yake ya simu. Utaifungua kwenye Chrome, na ukiweka alama kwenye "Desktop site" utaona vitufe vyote.
- Orodha ya darasa, yenye namba.
- Jibu la swali hili: nani ana simu, nani anatumia ya mama yake, na nani hana kabisa? Uliza darasani kwa upole, au waandike kwenye kikaratasi. Usikisie.
- Madaftari ya wanafunzi, yale yenye kalamu nyekundu. Hii ndiyo malighafi. Bila ya hayo utatengeneza kwizi ya watoto wa kitabuni, si wa darasani kwako.

Hatua ya 1: Chagua kosa moja

Usianze na "Tenses". Hiyo ni bahari. Anza na jambo ambalo ukisahihisha madaftari ishirini unalikuta kwenye kumi na tano. "Since" na "for". "He" na "she", kwa sababu yeye wetu ni mmoja tu. Au neno moja linalowakwamisha kwenye somo jengine.

Hili la mwisho halipewi uzito wake. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ndiyo iliyoagiza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, kwa hiyo udhaifu wa Kiingereza haubaki kwenye kipindi chetu. Nilipata kukaa na mtoto mmoja kwenye swali la maembe: yalikuwa kumi na mbili, yameuzwa matano, "how many are left?" Akaniuliza, "Kushoto ya wapi, maalim?" Kutoa anajua. Tatizo lake lilikuwa neno moja. Kwizi ya maswali manane juu ya "left", "more than", "altogether" na "each" ingemsaidia kuliko wiki nzima ya jedwali la kuzidisha.

Maswali manane mpaka kumi yanatosha. Ishirini ni mtihani, na mwanafunzi asiyeingia kwenye akaunti ya Google akifunga ukurasa kwa bahati mbaya, majibu yake yote yamekwenda na maji.

Hatua ya 2: Tunga kwenye karatasi

Kompyuta bado. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo tunapopakimbia. Swali la kuchagua lina shina, yaani sentensi ya swali lenyewe, lina jibu, na lina vipotoshi, yaani yale majibu ya uongo. Wengi wetu tunatumia dakika tano kwenye shina na sekunde tano kwenye vipotoshi. Geuza.

Kipotoshi kizuri ni kosa ambalo mwanafunzi wako angelifanya hata kama hukumpa machaguo. Kipotoshi asichokichagua mtu hakina kazi, kifute. Ndiyo maana mimi natumia machaguo matatu tu: jibu moja na makosa mawili ya kweli. La nne mara nyingi nalibuni kwa kulazimisha, na watoto wanalijua.

Makosa ya kweli utayapata wapi? Kwenye Kiswahili chetu. Tazama haya.

*Kusikia.* Sisi tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia harufu. Basi mtoto anaandika "I hear hunger" na hana wasiwasi. Swali lake:

The cloves are drying outside. Can you ____ them? What a lovely scent!
hear / smell / feel

Mtoto wa Pemba aliyekulia kwenye majamvi ya karafuu anaijua harufu hiyo kabla hajalijua neno. "Hear" na "feel" zimewekwa makusudi, kwa sababu zote mbili zinatokana na kusikia.

*Ndiyo na hapana.* Ukimwuliza mtu "Hujala?", anajibu "Ndiyo", maana yake ndiyo, sijala. Kiingereza kinageuza:

"Haven't you eaten yet?" "____ I'm so hungry!"
Yes, I haven't. / No, I haven't. / Yes, I have.

Hili hata walimu linatutega.

*Saa.* Boti inaondoka saa moja asubuhi. What time does the boat leave? 1:00 a.m., 7:00 a.m. au 7:00 p.m.? Kwa vijana wanaotaka kazi za hoteli au za kutembeza wageni, swali hili lina thamani kuliko sarufi yote. Mgeni aliyeambiwa "two o'clock" na kijana aliyekusudia saa mbili asubuhi atakuja gari limeshaondoka zamani.

*Kuazima.* "Niazime rula" na "nimeazima rula" ni kitenzi kimoja kwetu. Kwa hiyo: Could you ____ me your ruler until tomorrow? Machaguo: borrow, lend, keep. Wengi watakwenda "borrow".

*Nakuja.* Kijana wa hoteli Nungwi anamwambia mgeni "I'm coming" huku anaondoka zake, na mgeni anabaki ameduwaa. Alitaka kusema "I'll be right back". Hili liweke kama mazungumzo mafupi na uwaache wachague jibu la kumpa mgeni.

Upande wa pili, vitabu vingi vya mazoezi vimejaa maswali ya sauti ya "th", kwa sababu vimetungwa kwa watu ambao hawana sauti hiyo. Sisi tunasema thelathini na dhahabu tangu tunanyonya. Vuka.

*Tahadhari, kabla hujafunga daftari.* Pitia kila swali na utafute mitego hii, kwa sababu yote nimeshaiingia mimi mwenyewe:

Majibu mawili sahihi. "We ____ to Chake Chake every Friday", machaguo go, went, goes. Unataka "go", lakini "went" nayo ni sahihi kabisa, na mtoto mwerevu atakuja kukudai alama yake mbele ya darasa. Ongeza sentensi ya kufunga mlango: "We never miss it." Vivyo hivyo "The book is ____ the table" yenye "on" na "under". Bila picha, nani ajue kitabu kiko juu au chini?

Neno linalotoboa siri. "I bought an ____ at Darajani", halafu machaguo mango, banana, orange. Hiyo "an" imeshajibu. Andika "a/an" kwa pamoja, au weka machaguo ambayo yote yanachukua "a", au yote "an".

Jibu sahihi refu kuliko mengine. Tunafanya hivi bila ya kujua, kwa kutaka jibu letu liwe kamili. Wanafunzi wanagundua mapema, kisha wanaacha kusoma swali.

"All of the above" na "Both A and B". Achana nazo. Baadaye utachanganya mpangilio wa machaguo, na "above" itajikuta iko juu peke yake.

Halafu lugha ya maelekezo. Kwa wanaoanza, mimi naandika maelekezo kwa Kiswahili na swali lenyewe kwa Kiingereza. Wapo wanaosema huko ni kuwadekeza. Mimi nasema napima "lend" na "borrow", sipimi kama ameielewa sentensi yangu ya "Choose the most appropriate word to complete the following".

Hatua ya 3: Fungua fomu, uifanye kwizi

Andika forms.new kwenye sehemu ya anwani ya Chrome. Fomu tupu itafunguka. Ipe jina linaloeleweka pia kwa mzazi anayemiliki simu, kwa mfano "Kiingereza Form Two: lend na borrow". Kisha:

1. Bofya "Settings" juu.
2. Washa "Make this a quiz".
3. Kwenye kutoa alama, acha "Immediately after each submission". Ukichagua ile ya kusubiri mwalimu ahakiki, fomu itadai barua pepe za wanafunzi, na hapo umeshawapoteza nusu.
4. Acha zimewashwa "Missed questions", "Correct answers" na "Point values", ili mtoto aone alikosea wapi.
5. Kwenye kukusanya barua pepe, weka "Do not collect".
6. "Limit to 1 response" isiwashwe.

Hilo la sita lina kisa chake. Kwizi yangu ya kwanza niliiwasha, nikijiona mjanja, wasirudie rudie. Jioni napigiwa na mzazi, mama mstaarabu tu, anaomba radhi kwanza: ana watoto watatu kwangu na simu moja nyumbani. Wa kwanza amefanya, wawili simu imewakatalia, sasa wanagombana. Kitufe hicho kinamtaka kila mtu aingie na akaunti yake ya Google, na kinahesabu akaunti, hakihesabu watoto. Tena kurudia si dhambi. Mtoto anayefanya mara tatu mpaka apate kumi amejifunza mara tatu.

Hatua ya 4: Jina na namba

Swali la kwanza liwe la jina, aina ya "Short answer", na uwashe "Required". La pili liwe namba ya kwenye orodha ya darasa, aina ya "Dropdown", wachague badala ya kuandika.

Usitegemee jina peke yake. Darasani kwangu wamo akina Khamis watano, na mmoja wao anajiandika kwa jina la utani la mpira. Namba ndiyo inayokuokoa. Maswali haya mawili yape alama sifuri, la sivyo mtoto aliyepata maswali yote kumi ataonekana ana kumi juu ya kumi na mbili, kwa sababu jina na namba havina jibu sahihi la kuhesabiwa.

Hatua ya 5: Ingiza maswali

Bofya ile alama ya kujumlisha, chagua "Multiple choice", andika shina na machaguo. Chini kushoto bofya "Answer key", gusa jibu sahihi, weka alama 1, kisha "Done". Ukisahau "Answer key" kwenye swali moja, darasa zima litakosa alama hiyo. Kwenye vidoti vitatu vya kila swali chagua "Shuffle option order". Kuchanganya mpangilio wa maswali yenyewe kumo kwenye "Settings", nako kunafaa, isipokuwa una kifungu cha kusoma chenye maswali yanayofuatana.

Ukiweka kifungu, kiwe kifupi, maneno themanini hivi. Kwenye simu ndogo, mtoto akishuka kwenye swali la nne kifungu kimeshapotea juu, na anarudi anatafuta kwa kidole mpaka anachoka.

Sasa maswali ya kuandika jibu. Yanavutia, lakini ndiyo yanayoniletea simu nyingi kuliko yote. Fomu inalinganisha herufi kwa herufi na ulichokiandika wewe. Kwa hiyo weka sura zote za jibu unazozikubali: herufi kubwa na ndogo, "do not" na "don't". Na hiyo "don't" nayo ina balaa lake: simu nyengine zinaandika alama ya juu iliyonyooka, nyengine iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Uliza kwa namna ambayo jibu litakuwa neno moja lisilo na alama yoyote.

Wala usipime tahajia kwa kwizi ya simu. Mtoto anaandika "becos", kibodi inamkamilishia "because", unampa alama kibodi. Imla ibaki kwenye daftari.

"Checkboxes", yale ya kuchagua majibu zaidi ya moja, nayo ujue tabia yake: akipata mawili kati ya matatu hapewi kitu. Yote au hakuna. Wanaoanza wasipewe.

Hatua ya 6: Andika maelezo ya anayekosa

Ndani ya "Answer key" kuna "Add answer feedback". Walimu wengi hawajawahi kuigusa. Mimi naiona ndiyo sababu ya kuhangaika na kwizi ya mtandaoni, maana karatasi haisemi kitu saa mbili usiku mtoto akiwa kitandani na simu ya mama yake.

Kwa aliyekosa, usiandike "Wrong, try again". Mwambie alikosea wapi, kwa Kiswahili, kwa mistari miwili: "Kwa Kiswahili kuazima ni moja. Kwa Kiingereza anayetoa ni lend, anayepokea ni borrow. Hapa unamwomba mwenzako atoe." Basi. Kwa aliyepata, mpe sentensi nyengine ya mfano, ya maisha yake: "My brother lent me his bicycle."

Kasoro moja: Google Forms inatoa maelezo mamoja kwa wote waliokosa swali, haitofautishi aliyechagua "borrow" na aliyechagua "keep". Kwa hiyo elekeza maelezo yako kwenye kile kipotoshi unachojua kitawanasa wengi.

Hatua ya 7: Ifanye wewe mwenyewe, kwa simu

Bofya alama ya jicho. Fanya kwizi yote kama mwanafunzi, mara moja kwa kujibu sawa, mara ya pili kwa kukosa kila swali makusudi ili usome maelezo uliyoandika. Fanya kwa simu hata kama umetungia kwenye kompyuta. Kisha mpe mtu wa nyumbani ambaye si mwalimu. Mimi namtumia mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kuniambia "hili silielewi" bila ya kunionea haya.

Picha, kama ulizitia, zipunguze kwanza. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu ni nzito, na bando la kulipa ni la mzazi. Njia ya haraka: jitumie picha kwa WhatsApp, kisha tumia hiyo iliyopungua.

Hatua ya 8: Toa linki, ile yenyewe

Siku hizi unabofya "Publish" kwanza, uhakikishe wanaojibu ni "Anyone with the link", halafu unanakili linki ya wajibuji. Kwenye sura ya zamani kitufe ni "Send". Linki fupi inaanza na forms.gle, ndefu ina neno "viewform" mwishoni.

Usinakili anwani iliyoko juu ya Chrome wakati unatunga. Ile ina "edit". Ni mlango wa nyuma, wa kwako. Kosa hili ndilo namba moja kwa walimu wapya. Ukiituma, ama watoto wataambiwa hawana ruhusa, ama, kama uliwahi kumfungulia kila mtu ruhusa ya kuhariri, utakuta mtu amekubadilishia majibu na kuongeza swali juu ya timu yake.

Tuma kwenye grupu la darasa pamoja na siku ya mwisho. Wape siku tatu. Simu ya baba inarudi nyumbani usiku, na wengine bando linaingia Ijumaa.

Hatua ya 9: Soma matokeo kabla ya kipindi

Bofya "Responses". "Summary" inaonyesha kila swali na wangapi walichagua nini. Usikimbilie alama za mtu mmoja mmoja. Tafuta kipotoshi kilichochaguliwa na wengi, na ingia nacho darasani kiandike ubaoni. Wiki niliyowapa ile ya "Haven't you eaten yet?", zaidi ya nusu walichagua "Yes, I haven't". Kipindi kilichofuata sikufungua kitabu. Tuliulizana tu, "Haven't you prayed?", "Haven't you seen him?", wakajibu kwa kucheka mpaka ulimi ukazoea.

Ukitaka kusikiliza

Forms haina pa kuweka sauti. Watu wanapitia video ya YouTube, ambayo inakula bando. Njia yangu ni ya kienyeji: narekodi sauti yangu kwenye grupu la WhatsApp, sekunde thelathini, nasoma tangazo la bandarini au mgeni anayeagiza chakula Forodhani, kisha chini yake natuma linki ya maswali. Sauti ya WhatsApp ni nyepesi na wanaweza kuirudia. Mwombe mwenzako mwenye lafudhi tofauti akurekodie na yeye, wasije wakazoea Kiingereza chako tu.

Pasipo na mtandao kabisa

Kwa skuli yenye kompyuta lakini haina intaneti, tafuta Hot Potatoes. Ni programu ya zamani ya Windows, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, na ni ya bure tangu 2009. Sura yake imechakaa, nakubali. Lakini inatoa kwizi kama faili moja la ukurasa wa wavuti, unalitia kwenye flashi, unalihamisha kwenye kompyuta zote za chumba, linafunguka bila ya intaneti. Ndani yake mna sehemu kadhaa: JCloze ni ya kujaza nafasi, JMix ya kupanga maneno yaliyovurugwa, JMatch ya kuoanisha. Na JQuiz inafanya lile ambalo Forms imeshindwa: kila kipotoshi kinapata maelezo yake. Isichofanya ni kukukusanyia alama. Mtoto akimaliza lazima upite uandike.

Yakikwama

*"Wanaambiwa hawana ruhusa."* Kwanza tazama kama linki ina "edit". Kama haina, tazama akaunti uliyotungia. Akaunti za barua pepe za taasisi mara nyingi zinazuia watu wa nje. Tunga kwa Gmail ya kawaida.

*"Jibu sahihi limepewa sifuri."* Kama ni la kuandika, ongeza sura hiyo ya jibu kwenye "Answer key". Kama ni la kuchagua, uligusa chaguo lisilo lake. Inatokea, hasa ukitunga usiku.

*"Haoni alama zake."* Baada ya "Submit" anatakiwa abofye "View score". Wengi wanafunga ukurasa mapema. Kama kitufe hakipo, rudi kwenye "Settings", utakuta alama zinasubiri uhakiki wako.

*"Mtandao umekatika anapotuma."* Asifunge ukurasa na asiufungue upya. Asogee pale anapopata mtandao, abofye "Submit" tena.

*"Amejibu mara mbili."* Chukua ya mwisho, au ya kwanza, ila waambie mapema ni ipi.

*"Wote wamepata kumi kwa kumi."* Kuna mtu amepiga picha majibu na kuyatupa kwenye grupu. Usichukie sana. Kwizi hizi ni za mazoezi, na mimi siingizi alama zake kwenye ripoti. Tangu nilipoacha kuzihesabu, picha za majibu zilipungua zenyewe. Ukitaka mtihani, wakalishe darasani na karatasi.

*"Wengine hawana simu kabisa."* Kwenye vidoti vitatu vya juu kuna "Print". Toa nakala, wape, wajibu kwa kalamu. Jioni fungua linki uwaingizie wewe majibu yao kama walivyoyaandika, makosa na yote, ili "Summary" iwe ya darasa zima na isiwe ya wenye simu tu. Mimi huwa na karatasi sita hivi kila wiki, nazimaliza nikisubiri chai iive.